Maili Hamsini na Nane za Binafsi

Detroit Lakes, Minnesota
29 Januari 2023

Dada Marlys,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye barafu. Sisi hatujambo, kwa kiasi chake. Colleen ametoka hospitali na goti jipya. Anazunguka jikoni kwa magongo na kunifokea kila nikijaribu kumsaidia, nikajua mke wangu amepona. Bomba la bafuni liliganda juzi, nikaliyeyusha kwa mashine yake ya kukaushia nywele, na hilo nalo nimefokewa. Nimesikia kwa watu kwamba Britt wako ana mimba. Hongera, unakuwa bibi. Habari hiyo ningependa kuisikia kwako, lakini hupokei simu.

Nimekupigia mara kumi na moja tangu nilipofukuzwa. Sasa naandika, maana barua huwezi kuikata katikati.

Nakueleza ilivyokuwa, hata kama yote unayo hapo ofisini St. Cloud kwenye kompyuta yako. Jumanne tarehe 17 nilifika na mzigo kwenye ghala la vyakula Fargo, saa tano asubuhi. Wakaniweka mlangoni jumla ya saa saba, nyingi zake bila kushusha boksi. Walipomaliza, jioni, zile saa kumi na nne ambazo sheria humpa dereva kwa siku zilikuwa zimekwisha. Nikamwomba mlinzi nilale pale pale uani. Akasema, "Mzee, hapa si hoteli. Toa lori." Nikamwonyesha kile kifaa cha lori kinachoandika saa zangu za kazi. Akasema, "Hayo ni yako na serikali. Mimi nafunga lango." Basi nikafanya ambacho dereva yeyote angefanya na sheria inaruhusu. Tela tupu, mzigo sina, kazi sina, nikabonyeza kitufe cha BINAFSI, cha safari isiyo ya kazi, nikaondoka. Nikalala. Alfajiri nikaamka, nikaenda kupakia Jamestown.

Saa moja asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kupakia, kifaa kikalia. Ofisi inapendekeza marekebisho, kubali au kataa. Unajua sisi tulivyo. Kila asubuhi mnatutumia takataka: hukuandika namba ya tela, hukuweka jina la mji. Tunabonyeza "kubali" kama mtu anavyofukuza nzi. Nikabonyeza, mkono wa pili umeshika kahawa.

Saa nne, kwenye mizani karibu na Bismarck, askari wa barabara akasoma saa zangu akaniuliza kama najua kuhesabu. Ule muda wangu wa binafsi ulikuwa umegeuzwa kuwa muda wa kuendesha. Kwa karatasi, niliendesha saa zangu zikiwa zimekwisha, kisha nikaamka kabla ya kutimiza saa kumi za kupumzika. Akanisimamisha hapo hapo, na sikuwa na la kumlaumu. Ijumaa Duane, meneja wetu, akaniita ofisini kwake akanifukuza. Hata kiti hakunipa.

Doa hili linakaa kwenye rekodi yangu miaka mitatu. Nimeomba kazi kampuni nne, zote zimeisoma rekodi zikanishukuru kwa kupiga simu. Nina miaka hamsini na miwili, Marlys, na kazi nyingine siijui. Jimbo linaruhusu kukata rufaa, ila linataka barua ya ofisi ya kumbukumbu ieleze nani alibadilisha na kwa nini. Ofisi ya kumbukumbu ni wewe na Sheryl, na Sheryl wiki ile alikuwa Arizona anaota jua.

Nasubiri.

Orrin


St. Cloud, Minnesota
6 Februari 2023

Orrin mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mpe Colleen pole ya goti, mwambie asikubali kupanda ngazi. Britt ana miezi minne, anatapika kila asubuhi na hataki kula kitu ila matango ya siki. Ningekuambia mwenyewe. Wiki zimekuwa ngumu hapa.

Kuhusu jambo lako. Kumbukumbu ilirekebishwa kwa kufuata utaratibu. Dereva akifukuzwa ghalani, muda wa binafsi unampeleka mahali pa karibu penye usalama pa kulala, basi. Wewe ulivuka vituo viwili vya malori. Usiniambie vilijaa, kwa sababu lori letu namba 212 lililala kwenye kimoja chao, cha Casselton, siku hiyo, na dereva wake anasema palikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Ukaendelea magharibi maili hamsini na nane mpaka Valley City. Na mzigo wako wa kesho ulikuwa wapi? Magharibi. Hiyo ni kuisogelea kazi na kuiita mapumziko. Kila dereva anayefanya hivyo ana hadithi yake, na mimi nalipwa kuzisoma hadithi hizo kutwa.

Na ulikubali. Mfumo unaonyesha jina lako na dakika uliyobonyeza. Hakuna aliyekushika kidole.

Ila naandika kama dada pia. Kama ulikuwa na safari yako mwenyewe, sheria inakulinda. Mtu akienda kula, akienda kufua, akienda kumwona ndugu yake, hiyo ni binafsi, hata kama iko upande ule ule wa mzigo. Niambie tu ulikwenda wapi pale Valley City. Nipe jina la mahali na mtu aliyekuona, nami nitaandika hiyo barua.

Marlys


Detroit Lakes
11 Februari 2023

Marlys,

Colleen anashukuru kwa pole. Ngazi amepanda. Theluji imeanguka inchi kumi na nne, banda la jirani limelala chini, naye amekaa dirishani analitazama kama televisheni.

"Ilirekebishwa." Na nani? Na upepo? Tangu nikufahamu hujawahi kuniambia neno lisilo na mwenyewe. Ulipokuwa unanichapa ulisema "nakuchapa." Sasa umejifunza Kiofisi.

Swali lako nakujibu kwa neno lililo kwenye kitufe. Binafsi. Hawakuandika pale "mahali utakapomweleza dada yako." Nimeendesha malori miaka ishirini na sita. Nimekojoa kwenye chupa kwa sababu ghala halitaki dereva aguse choo chao. Nimekosa mahafali ya mwanangu kwa ajili ya kabichi. Katika saa ishirini na nne wamenibakizia kipande kimoja kisicho chao, na hicho nacho mnataka ramani yake.

Sikuwa naifuata kazi. Ulikuwa unaniamini nilipokuwa na miaka kumi na moja, ukiniuliza kama nimekula shuleni, nikisema ndiyo. Andika barua kwa neno langu hilo hilo, au usiandike.

Orrin


St. Cloud
19 Machi 2023

Orrin,

Salamu. Nimechelewa kujibu, na kosa si la posta. Britt ameambiwa ni mtoto wa kike. Mkono wangu wa kulia umerudi kuuma, ule ule ulioharibika kwenye kiwanda cha batamzinga, na daktari anasema hana jipya la kuufanyia.

Colleen alinipigia Jumatano. Alikuwa amejifungia bafuni ili usisikie. Anasema unakwangua theluji kwenye maegesho ya shule, ukirudi huongei. Anasema amekuuliza Valley City kuna nini, ukatoka nje kwenda kupanga kuni zilizokwisha kupangwa. Akaniuliza, "Marlys, ana mwanamke huko?" Nikamwambia apumzishe goti. Basi nakuuliza mimi. Kama ni mwanamke, sema. Sheria haiulizi dhambi, inauliza tu kama ulikuwa kazini.

Unataka maneno yenye mwenyewe, haya yashike. Niliyebadilisha ni mimi. Mimi Marlys, saa moja kasoro dakika nne, kwenye kiti changu. Duane alikuwa ametoa agizo wiki ile: binafsi yoyote inayozidi maili hamsini igeuzwe kuendesha, wala tusipoteze muda kuwauliza madereva. Nilikuwa na madereva arobaini na mmoja wa kupitia kabla ya saa mbili. Nikaona jina lako. Simu ilikuwa mezani, mkono unafika. Sikukupigia kwa sababu Duane alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, na nilitaka aone kwamba simpendelei ndugu yangu. Umeridhika? Tangu Januari nalala na jambo hilo na limenichosha. Na wewe umenichosha zaidi.

Kwa sababu hata nikiyaandika hayo yote, jimbo litauliza swali lile lile: alikwenda wapi? Neno lako halitoshi. Wala halikutosha ulipokuwa na miaka kumi na moja. Nilijua unadanganya, nilijua hujala, ndiyo maana nilikuwa nakuachia changu.

Sema ulikokwenda.

Marlys


Detroit Lakes
2 Aprili 2023

Dada,

Hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka na uani ni tope tupu. Colleen ametupa gongo moja. Nimemweleza yeye kabla yako, akanichapa na lile lililobaki, si kwa nguvu.

Si mwanamke. Ni baba.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena.

Arvid Skogen yuko Valley City, kwenye nyumba ya wazee nyuma ya maghala ya nafaka, mwaka wa tatu sasa. Wao ndio walionipigia, wakitafuta ndugu. Alikuwa amewapa majina mawili. Niliwaambia la kwako walifute, wewe hutaki kusikia, na nadhani sikukosea. Ana miaka themanini na moja. Miguu haimsaidii tena, na akili inakuja na kuondoka. Kila nikishusha Fargo na ratiba ikiniachia, nakwenda kukaa naye saa moja. Tarehe 17 ratiba haikuniachia, ila mlinzi alinifukuza, nikaona heri niende kwake. Nilifika saa moja na dakika kumi, nikamlisha supu ya njegere, nikaenda kulala kwenye lori nje ya duka lililofungwa mtaa wa pili.

Sikukuambia kwa sababu najua alichokufanyia. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka gari lake likirudi kinyumenyume kutoka uani, basi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, mwezi wa Januari, tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto likilia tupu na mama hatoki kitandani. Uliacha shule ukaenda kutoa batamzinga matumbo ili mimi nibaki darasani. Mtu unamwendeaje dada kama huyo ukamwambia, nimetoka kumlisha supu?

Ndiyo maana nilinyamaza, hata kazi ilipokwenda. Niliona heri nikose kazi kuliko kuiona sura yako.

Pale mapokezi kuna kitabu cha wageni, kina saa na sahihi. Kwa jimbo kinatosha. Nitakwenda mwenyewe nikatoe nakala ya ukurasa wa siku ile nikutumie. Wewe usiende, Marlys. Nakuomba sana.

Orrin


St. Cloud
17 Aprili 2023

Orrin,

Sisi wazima. Tumbo la Britt linaonekana sasa. Salamu zimeishia hapo.

Nilikwenda Jumamosi. Nakala anayoileta mtuhumiwa mwenyewe haina uzito, na kazi yangu ni kutazama karatasi ya asili. Nikaendesha saa tatu na nusu. Ulivyoniomba nisiende, nilidhani unanihurumia.

Kitabu kiko kwenye meza ya mlangoni. Nikafungua Januari 17. Saa moja na dakika kumi, Orrin Skogen. Na chini yake, kwa mwandiko wako huo huo unaolalia kushoto, Marlys Skogen. Skogen, jina nililolivua siku nilipoolewa na Hoffbeck. Nikafunua nyuma. Desemba, wawili. Oktoba, wawili. Nikaomba kitabu cha miaka ya nyuma, wakanipa. Mara thelathini na nne, Orrin. Mara thelathini na nne nimekwenda kumjulia hali mtu ambaye nimeapa miaka arobaini na mmoja kwamba sitakanyaga mlangoni kwake.

Nikiwa nahesabu, akaja mzee kwenye kiti cha magurudumu akasimama kando ya meza. Sikumtambua mpaka aliponitazama. Macho ni yako. Akaniuliza, "Mama, wewe umekuja kwa nani?"

Nikasema, "Natafuta ukurasa tu."

Akaweka kidole kwenye kitabu, juu ya jina langu. "Huyu binti yangu. Marlys. Kwa hesabu hana mwenzake. Huja na mdogo wake, ila mimi usingizi hunizidi, sijaliwi kumwona vizuri. Alinisamehe zamani huyu."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni: Marlys ni mimi, na sijakusamehe. Yule dada wa mapokezi alikuwa anatutazama anatabasamu. Nikasema, "Una bahati."

Akasema, "Sana."

Nikachukua nakala, nikakaa kwenye gari nikaupiga usukani mpaka mkono huu mbovu ukakataa.

Kutoka kwa mtu yule sikuwa na kitu. Si kadi ya Krismasi, si salamu, hata maziko ya mama hakutokea. Nilikuwa na kimoja tu, kwamba msamaha wangu hajaupata, na hicho kilikuwa changu. Umekichukua ukampa, mara thelathini na nne, bila kuniuliza. Halafu unanilalamikia mimi kwa kubadilisha mstari mmoja.

Usinipigie.

Marlys


Detroit Lakes
24 Aprili 2023

Marlys,

Leo sina habari za nyumbani. Colleen ameisoma barua yako akaenda kulala bila kula.

Siku ya kwanza baba aliniuliza, "Marlys yuko wapi?" Nikasema uko kwenye lori, baridi imekushinda. Lilinitoka tu. Mara ya pili nilipofika akaniambia alijisukuma mpaka mapokezi akasoma kitabu, jina lako hakuliona. Alikuwa na miwani ya mtu mwingine na alikuwa amelia. Nikaandika. Akausoma mstari ule kwa kidole, akarudi chumbani akalala. Baada ya hapo ningeacha vipi? Wewe ungemwambia ukweli, najua. Mimi si wewe, na hujawahi kunisamehe hilo pia.

Lakini usiyaweke kwenye mzani mmoja. Mimi nilidanganya ili mzee mgonjwa apate usingizi. Wewe ulidanganya ili Duane akutazame vizuri. Na uongo wangu haukumfukuza mtu kazi.

Nimeiandika hiyo nikatoka nje kuzunguka nyumba, sasa nimerudi. Jina lako halikuwa langu la kugawa. Nilijua, ndiyo maana sikutaka uende. Nilikusudia nipige nakala, niufunike mstari wa pili kwa kipande cha karatasi. Kwa hilo la jina nakuomba radhi. Kwa kwenda kumwona, sikuombi.

Ukurasa usiutume. Wakiliona jina la pili watasema nilibeba abiria bila kibali, au watasema kitabu kizima ni cha uongo, nawe utaingia matatani bure. Uchane. Theluji imekwisha, shule wanasema sasa nitakata nyasi.

Orrin


St. Cloud
15 Mei 2023

Orrin,

Colleen hajambo? Britt amepaka chumba cha mtoto rangi ya manjano, amenipaka na mimi nywele.

Sikuuchana. Karatasi ya asili mimi sichani. Nimeupeleka jimboni pamoja na barua yangu, nimeitia sahihi mbele ya mwanasheria. Nakuandikia maneno yenyewe ili usiyasikie kwa watu.

"Mimi Marlys Hoffbeck nilibadilisha muda wa binafsi wa dereva Orrin Skogen kuwa muda wa kuendesha, kwa agizo la meneja wangu, bila kumuuliza dereva alikokwenda. Dereva alikwenda kumtembelea baba yake. Saa iliyo kwenye kitabu cha wageni inalingana na saa lori liliposimama. Jina la pili kwenye ukurasa huo ni langu na ni la uongo. Sikuwepo siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Ndugu yangu aliliandika ili kumtuliza mgonjwa. Lori halikuwa na abiria."

Pale penye "wala siku nyingine yoyote" niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilidhani nitayaandika kwa fahari. Nimeyaandika nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, na bado sijui.

Duane amepata nakala yake. Alikuja mezani kwangu akasema, "Ulikuwa na haja gani ya kuandika 'kwa agizo la meneja'?" Nikamwambia kwa sababu alikuwepo, na kikombe chake kilikuwa kinadondosha matone kwenye bega langu. Hakunifukuza, anaogopa kuulizwa. Ameniondoa kwenye kumbukumbu akaniweka mapokezi. Sheryl ananifundisha kupokea simu, kana kwamba simu nimeiona jana.

Bado nakukasirikia. Nimeandika kwa sababu mstari niliouweka kwenye saa zako haukuwa kweli. Usidhani yamekwisha.

Marlys


Detroit Lakes
11 Juni 2023

Dada Marlys,

Tuko salama. Colleen ametupa gongo la pili, sasa hakuna silaha nyumbani. Ziwa limejaa watalii na kila mmoja ana mashua yenye kelele. Mwambie Britt asibebe vitu vizito mwezi huu wa mwisho mwisho.

Jimbo limelifuta doa. Barua yao ilikuja Jumanne, mistari minne, wala hawakuomba samahani. Kampuni moja ya Moorhead imenichukua, nitabeba maziwa, naanza tarehe 26. Nimekaa kwenye lori lao jipya nikagusa vitufe vyote kama mjinga. Ulichofanya nakijua, na najua kimekugharimu kiti chako. Asante. Sijui namna ya kuirefusha.

Baba amefariki Alhamisi mchana. Nilikuwepo, ameshika kidole changu, hakuuliza mtu. Tunamzika Jumatatu tarehe 19 saa tano asubuhi, huko huko Valley City. Kanisani hatupiti, ni makaburini moja kwa moja.

Gazeti la kule linataka tangazo la msiba kufikia Ijumaa. Kuna mstari wa watoto aliowaacha. Nimeandika langu, mbele yake nimeacha nafasi. Ningeweza kukupigia, maana sasa kupokea simu ndiyo kazi yako, lakini hili nalitaka kwa mkono wako. Ukisema niandike, nitaandika. Ukisema nisiandike, sitaandika na sitauliza.

Orrin


St. Cloud
13 Juni 2023

Orrin mdogo wangu,

Pole sana. Nakupa pole wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyefiwa. Britt naye anakupa pole. Miguu imemvimba, anailaza juu ya meza yangu ya kulia chakula na mimi namwacha.

Nimefurahi kwa ajili ya kazi. Maziwa hayasubiri mlangoni saa saba, watakushusha haraka.

Jina langu usiliandike. Atakayelisoma atadhani palikuwa na binti akiingia na kutoka pale, akimshika mkono, na binti huyo hakuwepo. Alinitelekeza nikiwa na miaka kumi na mitano na mimi sikurudi. Nilimwona mara moja, labda dakika nne, nikamwambia ana bahati. Nimejaribu kujuta na sijaweza. Mstari uache na jina lako peke yake, kwa sababu wewe ulikwenda.

Jumatatu nitaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuja na sinia la chakula la kuwatosha wewe na Colleen, msipike. Sitalisogelea jeneza na usinisukume. Nitasimama kando yako mpaka wamalize kufukia. Wakikuuliza huyu mwanamke ni nani, waambie ni dada yako, usiongeze kitu.

Marlys